Unaanza chuo mwaka wa kwanza? Nunua kwa mpangilio huu

Msimu wa vyuo kufunguliwa, stendi ya Magufuli pale Mbezi hujaa vijana wenye tranka la bati, godoro lililofungwa kamba na ndoo iliyosheheni mchele. Mimi nilikuwa mmoja wao, ila enzi zetu tulishukia Ubungo. Tranka langu nililipandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu na mwenzangu, tunapumzika kila kona. Kufika chumbani, halikupita chini ya kitanda. Likakaa katikati ya chumba mwaka mzima, wenzangu wakaligeuza meza ya kulia.

Safari hii mdogo wangu amepangiwa Dodoma. Tumekaa na orodha ya mama, tukafyeka zaidi ya nusu. Iliyobaki nimeipanga kwa kigezo kimoja: kitu gani ukikinunua vibaya kitakutesa muda mrefu zaidi?

Namba moja ni godoro. Kabla hujatoa hela, soma maelekezo ya kujiunga, maana hosteli nyingine zina magodoro tayari. Kama lako linahitajika, uliza kipimo cha kitanda. Dabo deka nyingi za mabwenini ni futi mbili na nusu kwa sita. Ukinunua la futi tatu kwa kutaka raha, litajikunja ubavuni na utalala mtaroni. Unene, inchi 6 zinatosha. Inchi 8 ni nzuri nyumbani, lakini kitanda cha juu zinakuinua mpaka kile chuma cha kukuzuia usianguke hakizuii tena kitu.

Mwuzaji atakusifia kitambaa cha juu. Mwache aseme. Nyanyua magodoro mawili ya kipimo kimoja: zito ndilo lenye sponji iliyoshiba. Kisha liweke chini upige goti. Goti likigusa sakafu, rudisha. Langu nililinunua kwa haraka barabarani, laini kama mkate wa asubuhi. Kufika Krismasi limekuwa chapati, nahesabu chaga moja moja kwa mgongo.

Namba mbili ni kompyuta mpakato, na hapa ndipo hela za wazazi huteketea. Machaguo ni matatu.

La kwanza, kwa maoni yangu, ni iliyotumika ya daraja la kiofisi: Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad. Ziliundwa kwa ajili ya makampuni, zina bawaba ngumu, na fundi yeyote wa mjini anazijua. Tafuta RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. RAM ndiyo kumbukumbu ya kufanyia kazi, SSD ni diski ya kuhifadhia mafaili. Halafu soma jina la prosesa, yaani ubongo wa mashine. Ikiandikwa i5-8350U, ile 8 baada ya kistari ni kizazi cha nane. Ikiwa i5-7200U, hicho ni cha saba, na Windows 11 haikitambui rasmi. Hili lina uzito sasa kwa sababu Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji akikupunguzia bei ghafla kwenye kizazi cha sita, ujue sababu.

Dukani usiwe na haraka. Andika herufi zote za kibodi. Chomoa chaja, cheza video nusu saa, uone betri imeshuka kiasi gani. Izime na uiwashe ukiingia kwenye BIOS, ile skrini ya mipangilio inayotangulia Windows. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, ondoka. Na risiti iandikwe namba ya mashine.

Chaguo la pili ni mpya ya bei ya chini. Inang'aa, ina boksi, lakini mara nyingi ndani kuna prosesa dhaifu ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Ukifungua kurasa tano na Word, inaanza kuhema. La tatu ni kishkwambi: kizuri kwa kusomea, kigumu kuandikia ripoti ya kurasa 40. Wa uhandisi na usanifu majengo, subirini kidogo, waulizeni wa mwaka wa pili programu gani zinatumika. Mashine ya kuandikia insha haitafaa huko.

Namba tatu, neti. Ya pembe nne inafaa kitanda cha chini, unaifunga kwenye nguzo za dabo deka. Ya duara inahitaji ndoano darini, na dari la bweni si lako kutoboa.

Begi: shangazi kaja, lile begi jepesi la plastiki lenye miraba, linashinda tranka. Ukishatoa vitu, unalikunja na kulisukuma chini ya godoro. Halivimbi kwa maji, tofauti na sanduku la kadibodi, na likichanika hulii. Ongeza kufuli mbili imara na ekstensheni nzuri. Ndoo, beseni, malapa na hanga vinauzwa jirani na chuo chochote, usivisafirishe kutoka Mwanza.

Nguo tegemea ulikopangiwa. Dar hutahitaji blanketi, ila feni dogo la meza litakuokoa Februari. Dodoma asubuhi za Juni na Julai zinadai sweta. Mbeya na Iringa, blanketi zito kabisa. Suti moja ya mtumba iliyonyooshwa vizuri inatosha.

Mkiani kabisa nimeweka jiko la koili. Mabweni mengi yanalikataza, na ukilichomeka saa moja jioni fyuzi inakata korido nzima, kila mtu anajua ni nani. Anayepanga geto nje ya chuo, mtungi wa gesi wa kilo 6 ni bora zaidi.

Kinachobaki mfukoni usikimalize. Bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, halitoki siku unayofika: lazima usajiliwe kwanza, kisha usaini. Weka pembeni hela ya chakula cha wiki nne. Vyeti, barua ya udahili, fomu ya afya na picha za pasipoti viwe kwenye begi la mkononi, si kwenye buti la basi.

Mama bado anashikilia tranka. Tumekubaliana libaki kwake, aweke unga.