Redio ya flashi niliyomnunulia mama, miezi 8 sasa

Hizi redio ndogo za solar zenye tochi watu wengi wanazisifia kwa mambo ya shamba, kulalia korosho na kusikiliza mpira, mi niliinunua kwa kazi nyingine kabisa na sijaona mtu ameigusia, ndo maana naandika. Nilimnunulia mama. Mama yangu ana ule ugonjwa wa kusahau, mahospitalini wanauita demensia, huu ni mwaka wa 4.

Niliipata hapa Mtwara mjini kwenye maduka ya vifaa vya simu karibu na soko, nikatoa elfu 35, muuzaji alianzia 45. Haina jina la kueleweka, nyekundu, ina tundu la flashi, tundu la memori kadi, tundu la hedifoni, tochi ubavuni na kisolar mgongoni. Betri yake ni ile bapa ya simu za Nokia za zamani kwa hiyo ikifa hata ukiwa Nanyamba huko unapata nyingine.

Sasa kwa nini redio. Mama ni mtu wa Newala na alikuwa kungwi, kungwi haswa, msimu wa unyago ukifika tulikuwa hatumuoni nyumbani, anachukuliwa huku anarudishwa anachukuliwa kule, sauti imekauka na khanga mpya begani. Alivyoanza kuumwa alianza na vitu vidogo tu, kisamvu kimetiwa chumvi mara 2, anauliza saa ngapi anajibiwa anauliza tena, mwisho akatoka kwenda sokoni akarudishwa na bodaboda jioni hajui nyumba ni ipi. Watu wakasema yao. Kuna waliosema kachezewa na wenzake, kuna waliosema uzee huo muacheni, na mi nilipoteza karibu mwaka mzima na hela ya korosho yote ya msimu ule nikizunguka kwa waganga, naumia nikikumbuka. Tulipokuja kupata daktari wa kutueleza akatwambia huu ni ugonjwa wa ubongo, si uzee wa kawaida na si uchawi, dawa ya kuuponya haipo, mambo ya karibuni yanafutika kwanza na ya zamani yanachelewa kuondoka, na nyimbo mara nyingi zinabaki hata pale mtu anapokosa maneno ya kuomba maji. Hilo la nyimbo ndo lililonipeleka dukani.

Nikapanda Newala kwa makungwi wenzake, wamebaki 3, nikawaomba waimbe nirekodi kwa simu. Walikaa kikao siku nzima jamani, kwa sababu nyimbo zile si za kusikilizwa na mwanaume wala mtoto ambaye hajachezwa, na sasa mi nataka kuzitia kwenye chuma. Wakakubali kwa sharti kwamba zisitoke nje ya chumba cha mama. Kwa hiyo mwenye haja kama yangu aangalie tundu la hedifoni kwanza kabla ya vyote, halafu ajue kwamba mgonjwa anaweza kuzikataa hizo hedifoni, mama anazing'oa masikioni kama anang'oa kupe. Tunachofanya tunafunga mlango, kaka zangu wakiwa kazini, sauti ya chini. Nyimbo za kawaida na kaswida nimeziweka kwenye memori kadi, zile nyingine kwenye flashi, na flashi inakaa kwangu kwenye pindo la khanga.

Siku ya kwanza alikuwa amekaa kitandani ananiangalia kama mgeni, wakati ule alishaacha kuniita jina, siku nyingine ananiita dada, siku nyingine ananiuliza we mtoto wa nani. Nikawasha. Akanyamaza, kidole kikaanza kupiga paja, kikaja kiganja, halafu akaingia na sauti yake mwenyewe, ile ile, na katikati akasimamisha mkono akasema "hapo wamekosea." Wamekosea! Mtu ambaye asubuhi ile alishindwa kujua kijiko ni cha nini. Kisha akanigeukia akaniambia kaa chini nyoosha miguu, nikakaa nikanyoosha, akaanza kunifunda. Nina miaka 46 na mjukuu ninaye, nikafundwa upya na mama yangu mzazi pale sakafuni, maneno yote yapo, makemeo yapo, hata kile kikohozi chake cha kuanzia neno zito kipo. Ila jina langu, hadi wimbo unaisha, bado hakulijua. Nililia hadi nikatoka nje.

Na hili la kulia ndo nataka niliseme kwa kirefu kidogo, maana ukinunua redio hii kwa mgonjwa wa namna hii utalia, na hakuna atakayekupa pole. Mtu akifa kuna watu, kuna mkeka, majirani wanapika, kuna tanga na hitma na siku ya kuambiwa sasa rudi kwenye shughuli zako. Mi mama yangu ninayemjua ameondoka kidogo kidogo miaka 4 na sijawahi kuandikiwa siku hata moja ya kumlilia, ukilia unaambiwa mama yako yupo anakula anapumua, unalia nini, unamchuria. Basi nikawa nalia chooni kama nimeiba.

Binti wa dada yangu ni nesi, yeye ndo alinieleza kwamba kuna mtaalamu Marekani anaitwa Pauline Boss amelifanyia kazi jambo hili toka miaka ya 1970, alianza na familia za marubani waliopotea vita vya Vietnam, miili haikurudi, wake zao hawajui ni wajane au si wajane. Baadaye akaona msiba ni ule ule upande wa pili, mtu yupo mbele yako ila mwenyewe hayupo. Mi nikaelewa hapo hapo kwa sababu hapa pwani tunao wa upande wa kwanza, tulikuwa na jirani Mikindani mumewe alitoka na ngalawa hakuonekana tena, hakukaa eda miaka, kila chombo kikiingia anatoka mlangoni. Kumbe mi na yule mama ni kitu kimoja. Na anachosema huyo Boss, kwa jinsi nilivyoelezwa, ni kwamba usijilazimishe kuchagua, useme yote mawili, mama yupo na mama hayupo, na usisubiri msiba huu uishe ndo uanze kuishi. Mtu mwingine ataona ni maneno tu lakini mi yaliniondoa chooni. Sasa nalia kitandani pembeni yake na yeye ananifuta machozi bila kujua nalilia nini. Shirika la Afya Duniani linasema wenye ugonjwa huu duniani ni zaidi ya milioni 55, hebu fikiria hao watoto wao.

Turudi kwenye redio, ina kasoro zake na sifichi. Vitufe vidogo mno, halafu kile cha kuongeza sauti ndo hicho hicho cha kuruka wimbo, ukibonyeza kidogo inaruka ukishikilia inapanda, mama hawezi kabisa na hata mi gizani nakosea. Ukiwasha inatoa sauti ya mwanamke anasema neno la kigeni kwa nguvu, mama alishtuka akawa anamtafuta huyo mwanamke chini ya kitanda, kwa hiyo nawashia nje nimeikumbatia ndo naingia nayo. Ukizima inarudi wimbo wa kwanza. Solar usiitegemee, juani kutwa nzima inapata saa moja ya kuimba, chaji kwa waya wa simu. Na memori kadi niliyouziwa nayo ilikufa wiki ya 2 na kila kitu ndani, bahati zile za Newala zilikuwa kwenye flashi na bado kwenye simu, wekeni nakala jamani, wale bibi hawawezi kurudia.

Haisaidii kila siku pia. Jioni ndo kuna kazi, jua likianza kuzama anafunga kifurushi anataka kwenda kwao, yupo kwake lakini anataka kwao, hapo nikiwahi kuwasha kabla hajafika mlangoni siku nyingi anakaa, siku nyingine anaitupa. Kuna wimbo mmoja ukipigwa anamuulizia mwenzake waliyekuwa wakiimba pamoja, ni marehemu siku nyingi, mara ya kwanza nikamwambia ukweli kwamba kafa, akaangua kilio cha msiba mpya kabisa, na kesho yake akauliza tena. Nimeacha. Sasa akiuliza namwambia nihadithie habari zake, anahadithia, anacheka, tunamaliza salama.

Kwa nyota naipa 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya vitufe na ile sauti ya kuwashia. Kama kuna anayejua redio yenye vitufe vikubwa inayoendelea pale ilipoishia, aniandikie hapa, hata kama ni ya elfu 80 nitaipigia hesabu msimu wa korosho ukifunguliwa.

Juzi usiku betri iliisha katikati ya wimbo, nikawa napapasa gizani natafuta waya, mama akaumalizia mwenyewe beti zote 3 mpaka mwisho. Hata hivyo betri za akiba nimenunua 2, elfu 5 kila moja.