LibreOffice Calc: mapitio ya programu kwa upande wa ufunguo wa chati

Chati iliyomo kwenye ripoti husomwa na watu ambao hawakuliona jedwali lililoizaa, na kwa wengi wao njia pekee ya kujua mstari upi unasimamia nini ni ufunguo, yaani kile kisanduku kidogo kinachotaja rangi na majina yake. Mapitio haya yanaipima Calc, programu ya lahajedwali iliyomo ndani ya LibreOffice na inayopatikana bila malipo, kwa jambo hilo moja tu. Hukumu yangu ni kwamba Calc humtumikia vizuri mtu aliyeandika vichwa vya safu zake kwa uangalifu kabla ya kuchora chochote, lakini haimpi onyo lolote yule ambaye hakufanya hivyo.

Nimetumia takwimu za sensa za Tanzania. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 43,625,354 Tanzania Bara na 1,303,569 Zanzibar; ile ya 2022 ilihesabu watu 59,851,347 Bara na 1,889,773 Zanzibar. Jedwali ni dogo: safu ya kwanza ina miaka, ya pili ina Bara, ya tatu ina Zanzibar. Mtu akichagua namba za Bara na Zanzibar peke yake, bila vichwa, Calc huipa mifululizo, yaani makundi ya namba yanayochorwa kila moja kwa rangi yake, majina ya safu zilikotoka, yaani safu B na safu C, na majina hayo ndiyo yanayoingia kwenye ufunguo. Excel katika hali hiyohiyo huipa mifululizo namba za mpangilio tu. Njia ya Calc ina nafuu kidogo kwa mwandishi, kwa kuwa herufi humrudisha mahali data ilipo, lakini msomaji wa ripoti hapati faida yoyote kutokana na herufi wala namba.

Vichwa vikichaguliwa pamoja na data, dirisha la kutengeneza chati huwa na visanduku viwili vya kuweka alama: kimoja cha kuufanya mstari wa kwanza wa jedwali uwe lebo, kingine cha kuifanya safu ya kwanza iwe lebo. Hapa ndipo makosa mengi huanzia, na ndipo ninapomwomba msomaji atulie. Programu hukisia lebo kwa kuangalia kama seli zina maandishi. Miaka ni namba, kwa hiyo inaweza kuchukuliwa kuwa data kama data nyingine. Matokeo yake ni mfululizo wa tatu unaoitwa “Mwaka”, wenye nguzo za urefu wa 2012 na 2022 kando ya nguzo za mamilioni. Nguzo hizo ni fupi mno kiasi kwamba hazionekani, lakini rangi yake imo kwenye ufunguo, na msomaji atahangaika kutafuta kitu ambacho macho yake hayawezi kukiona. Dawa ni kuweka alama kwenye kisanduku cha safu ya kwanza. Watumiaji wa Excel huiacha wazi seli ya juu kabisa kushoto, na Google Sheets nayo ina kisanduku chake cha kuitumia safu A kama lebo.

Tatizo la pili linatokana na data yenyewe. Idadi ya watu wa Bara mwaka 2022 ilikuwa takribani mara 32 ya ile ya Zanzibar, na wengi hulitatua hilo kwa kuuhamishia mfululizo wa Zanzibar kwenye mhimili wima wa pili, upande wa kulia. Calc hulifanya jambo hilo kwa urahisi. Hata hivyo, ufunguo hausemi kwamba mfululizo mmoja unasomwa kushoto na mwingine kulia, na asiyejua ataamini kwamba Zanzibar inakaribia kulingana na Bara. Ni lazima mwandishi aliandike hilo kwenye kichwa cha safu: “Zanzibar (mhimili wa kulia)”. Binafsi ningechora chati mbili.

Kubadilisha jina hakufanyiki kwa kuandika moja kwa moja ndani ya ufunguo. Hubadilishwa seli ya kichwa, au huonyeshwa seli nyingine ambayo mfululizo utachukua jina lake. Wapo wanaoliona hilo kuwa usumbufu. Mimi naliona kuwa ulinzi, kwa sababu jedwali na chati haviwezi kutoa majina mawili tofauti kwa kitu kimoja. Ulinzi huo hukoma chati inaponakiliwa kwenda Writer, programu ya LibreOffice ya kuandikia maandishi, kwani huko hubeba data yake yenyewe, na kichwa kikisahihishwa baadaye kwenye Calc, nakala hubaki na jina la zamani. Majina, basi, yakamilishwe kabla ya kunakili.

Kwa grafu za mistari michache, napendelea kuuondoa ufunguo kabisa. Calc huruhusu kuichagua nukta ya mwisho ya mstari peke yake, kuiwekea lebo, na kuagiza lebo hiyo ionyeshe jina la mfululizo. Jina linakaa pale mstari unapoishia, na jicho halilazimiki kwenda na kurudi. Kazi hii inataka subira, kwa kuwa kila mstari hushughulikiwa kivyake, lakini hakuna hatua nyingine inayomsaidia msomaji kiasi hiki.

Rangi za kawaida za Calc, zinazoanza na buluu iliyokoza, rangi ya chungwa iliyokolea na njano, hupendeza kwenye skrini, ila nakala ya fotokopi huifanya njano kufifia. Nguzo zinaweza kujazwa michoro ya mistari badala ya rangi tupu, na nukta za mistari zinaweza kupewa maumbo tofauti; ufunguo huyafuata mabadiliko hayo wenyewe. Yanawafaa pia wasomaji wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani.

Jambo la mwisho ni lugha. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice.org, ambayo LibreOffice ilijitenga nayo mwaka 2010. Kwa anayetumia Calc yenye menyu za Kiingereza, majina ya mifululizo hubaki katika lugha aliyoyaandikia, lakini akiongeza mstari wa mwelekeo, yaani ule unaoonyesha mwenendo wa jumla wa namba, programu huuingiza kwenye ufunguo kwa jina la Kiingereza lililobandikwa mbele ya jina la mfululizo. Sifa za mstari huo zina nafasi ya kuandika jina, na hapo “Mwelekeo wa Zanzibar” huandikwa mara moja na kuonekana kwenye ufunguo papo hapo.