Siku Moja Kati ya Ndege Mbili: Mji Upi Uuchague Ukiwa Peke Yako, Pesa Kidogo, na Unataka Halali

Ukitafuta tiketi ya kuunganisha ndege, mara nyingi tofauti ya bei ni ndogo kuliko tofauti ya mji utakaoshushwa kusubiri. Anayesafiri peke yake hana wa kuchangia naye teksi wala wa kula naye sinia moja. Kwa hiyo nimeipanga miji hii kwa vipimo vitatu: gharama na muda wa kutoka uwanjani hadi mjini, urahisi wa kupata chakula cha halali bila kuhojihoji kila mlango, na kama mlo wa mtu mmoja upo. Uzuri wa mji nimeuweka nyuma makusudi. Mji mzuri ulio mbali na uwanja wake utakumalizia mchana barabarani.

Kwanza hesabu muda. Toa saa moja na nusu za kushuka, foleni ya uhamiaji na kutafuta treni, kisha toa saa tatu za kurudi uwanjani mapema. Muda wa kusubiri wa saa 8 unakuachia saa tatu na nusu tu. Chini ya hapo mimi ningebaki ndani. Hakikisha pia ndege zote mbili zimekatwa pamoja kwenye tiketi moja, ili begi kubwa lipitilize hadi mwisho na wewe utoke na la mgongoni tu. Viza nayo hutegemea pasipoti yako, si ya rafiki aliyepita huko mwaka jana; soma tovuti ya serikali ya nchi husika kabla hujalipa, maana tiketi nyingi za bei ya chini hazirudishwi pesa.

1. Doha

Hakuna mji hapa unaokutoa uwanjani kwa bei ndogo kama Doha. Kituo cha metro kiko hapo hapo uwanja wa Hamad, safari moja ni riyali 2, na tiketi ya siku nzima ni riyali 6. Panda laini nyekundu hadi Msheireb, badilisha uingie laini ya dhahabu, kituo kinachofuata ni Souq Waqif. Ukitoka chini unakutana na soko lenyewe.

Chakula ndicho kinachohitaji akili kidogo. Halali si tatizo, lakini migahawa ya mbele yenye meza za nje inapika kwa ajili ya familia na kutoza kwa ajili ya watalii. Sahani ya machboos, wali wa viungo wenye nyama, inaweza kuwashibisha wawili. Ukiwa mmoja, tafuta akina mama wanaouza regag. Wanapaka unga juu ya chuma cha moto kwa mkono mpaka unakuwa mwembamba kama karatasi, wanavunja yai juu yake au wanaweka jibini, wanakunja, unakula ukiwa umesimama. Ongeza kikombe cha karak, chai ya maziwa yenye viungo, na umemaliza mlo kwa pesa ndogo.

Baada ya hapo tembea kwa miguu kwenye barabara ya ufukweni hadi bustani ya Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu, lile lililobuniwa na I. M. Pei na kufunguliwa mwaka 2008. Bustani ni bure, na kutoka pale majengo marefu ya West Bay unayaona yote ng'ambo ya maji. Kasoro mbili: kuanzia Juni hadi Septemba joto hupita nyuzi 40, kutembea mchana hakufai, na Ijumaa treni huchelewa kuanza, maduka nayo hufunguka taratibu. Kama ndege yako inatua alfajiri ya Ijumaa, Doha inashuka nafasi kadhaa.

2. Kuala Lumpur

Kwa chakula peke yake, huu ungekuwa wa kwanza bila ubishi. Kinachouangusha ni umbali: uwanja uko zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini. Treni ya KLIA Ekspres inakufikisha KL Sentral, kituo kikuu cha treni mjini, kwa dakika 28, lakini ni ringiti 55 kwenda tu. Basi ni kama robo ya bei hiyo na huchukua saa moja hivi. Mwenye saa 12 na zaidi achukue basi. Mwenye chini ya hapo alipie treni au achague mji mwingine.

Ukishafika, nenda kwa mamak. Hii ni migahawa ya Waislamu wenye asili ya India, mingi haifungwi usiku wala mchana, na imezoea watu wanaokula peke yao: unakaa, unaagiza roti canai moja, aina ya chapati, inakuja na mchuzi wa dengu pembeni, na chai ya teh tarik iliyomiminwa kutoka juu mpaka ikatoa povu. Ukishiba unaongeza moja, hujashiba unaongeza mbili. Hakuna anayekukimbiza.

Jambo moja la kuangalia kwa makini. Migahawa mingine huweka tangazo kwamba haina nguruwe. Hilo halimaanishi kuku amechinjwa kwa sheria ya Kiislamu, wala kwamba pombe haiuzwi. Alama ya kutafuta ni ile ya halali ya JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu. Na kabla ya kusafiri jaza kadi ya kuingia Malaysia mtandaoni, ni bure na hujazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika.

3. Dubai

Metro inapita vituo vya abiria namba 1 na 3. Namba 2 haina, kwa hiyo angalia tiketi yako. Nauli kwa kadi ya kawaida ya Nol ni kati ya dirham 3 na 7.5. Achana na maduka makubwa. Shuka Deira, pita kwenye soko la viungo, kisha vuka khori kwa abra, boti ya mbao, kwa dirham 1. Kwa bei hiyo sijui raha nyingine inayolingana nayo mahali popote kwenye orodha hii. Wanawake na watoto wana behewa lao kwenye metro, jambo linalomfaa sana anayesafiri mwenyewe. Kinachonifanya niiweke ya tatu ni viza: ya mpito ya saa 48 haina ada ya serikali na ya saa 96 ni dirham 50, lakini huombwa mapema kupitia mashirika ya ndege ya huko.

4. Istanbul

Ukisafiri na Turkish Airlines na unasubiri kati ya saa 6 na 24, Istanbul inaruka hadi namba moja, kwa sababu wana ziara ya bure iitwayo Touristanbul, mlo ukiwemo. Bila hiyo, umbali ni mkubwa: metro M11 hadi Gayrettepe, kisha M2 hadi Vezneciler. Msikiti wa Ayasofya hutoza watalii euro 25. Msikiti wa Süleymaniye ni bure, na mkabala nao kuna migahawa ya maharage na wali, sahani ya mtu mmoja kabisa.

5. Singapore

Treni ni nafuu na mji ni salama, ila halali unaitafuta. Kwenye majengo ya vibanda vya chakula, angalia cheti cha MUIS, baraza la Kiislamu la huko, kibanda kwa kibanda, si jengo zima. Ukimaliza kula rudisha trei kwenye rafu ya halali. Ya vyakula vingine iko kando. Rahisi zaidi ni kwenda moja kwa moja Kampong Glam, karibu na Masjid Sultan.

Addis Ababa sijaipa namba, lakini ikikuangukia usiogope: uwanja wa Bole uko ndani ya mji, na Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi hufunga nyama na maziwa, hivyo karibu kila mgahawa una beyaynetu, yaani mkate wa injera wenye dengu na mboga za aina nyingi. Nyama kula kwenye migahawa ya Waislamu. Wenyeji wenyewe hutenganisha machinjo, na ukiuliza watakuelekeza.