Oveni ya mkaa kwenye mtihani wa pai ya nyama na viazi

Oveni hii niliinunua mwezi Mei kwa fundi wa bati hapa Mbeya kwa shilingi 90,000, baada ya kuchoka kuoka kwa kufunika sufuria na kupanga makaa juu ya mfuniko. Ni sanduku la bati lenye rafu mbili, na mkaa huwekwa sehemu mbili: kwenye droo ya chini na kwenye sinia lililo juu ya sanduku. Keki haiisumbui sana oveni ya namna hii, kwa hiyo nimeipima kwa pai ya nyama na viazi, chakula cha kaskazini mwa Uingereza ambacho, kwa baridi ya huku kwetu, mgeni angeweza kudhani kilianzia kwenye milima yetu ya Uporoto. Pai hiyo ni nzito, ina mchuzi ndani, na ganda lake la chini lisipoiva hakuna namna ya kulificha.

Oveni nzuri haiwezi kuiokoa pai iliyojazwa vibaya. Nilitumia nusu kilo ya nyama ya ng'ombe na kilo moja ya viazi mviringo, maana katika pai hii viazi ndivyo vinavyotakiwa kuzidi. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 95, hivyo nyama huchukua muda mrefu zaidi kulainika kuliko Dar es Salaam, na anayefuata muda wa mapishi ya pwani atatafuna sana. Nilitia kitunguu, chumvi na pilipili manga, lakini nyanya niliiacha, kwa kuwa kwa maoni yangu nyanya huigeuza pai kuwa sambusa kubwa. Nusu ya viazi niliichemsha pamoja na nyama mpaka ikarojeka na kuufanya mchuzi uwe mzito, na nusu iliyobaki niliiongeza mwishoni ili vipande vionekane. Vyote viliachwa vipoe kabisa, kwa sababu nyama ya moto huyeyusha siagi iliyomo kwenye ganda kabla pai haijaonja moto.

Ganda lilikuwa la nusu kilo ya unga wa ngano na robo kilo ya siagi, iliyofikichwa kwa ncha za vidole mpaka ikawa kama chenga za mkate, kisha maji kidogo. Hapo Julai ya Mbeya humfaa mpishi: maji ya bomba ya asubuhi yalikuwa baridi kiasi kwamba sikuhitaji friji, na siagi ilibaki ngumu mpaka nilipoweka chini kifimbo cha chapati.

Oveni haina kipimajoto. Nilitia karatasi nyeupe ndani, na ilipogeuka rangi ya chai ya maziwa nikaingiza pai, makaa mengi yakiwa chini. Baada ya dakika 25 nikayahamishia mengi juu. Ilitoka baada ya dakika 50. Kisu kilipofika chini, ganda lilikatika kwa mlio kama wa biskuti, na sahani haikulowa mchuzi. Kwa hilo peke yake, fedha yangu naiona imerudi.

Kasoro iko mlangoni. Haufungi sawasawa, joto hutoroka upande wa kulia, na pai yangu ya kwanza iliungua kushoto huku kulia ikiwa nyeupe kama ugali. Nilimrudia fundi.

"Fundi, mlango huu haushiki."

"Mama, upashe moto mara mbili tatu, bati litajikunja lenyewe, utashika."

Nimeshaupasha mara nane. Siku hizi naubana kwa waya wa kufungia nondo, na pai naigeuza kila baada ya robo saa.