Hilux Vigo 3.0 iliyotumika, inafaa kuvuta tela? Kagua nozeli kabla ya kilomita

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo tuko na gari mliloniuliza sana, Toyota Hilux ya umbo lile la 2005 mpaka 2015, tunayoiita Vigo, dabo kebini, injini ya dizeli ya 3.0. Wengi swali lenu ni moja: mtu ana tela lake, labda la boti, la tangi la maji au la ng'ombe wawili watatu, anataka kununua Vigo ya mkononi. Itamvuta tela hilo miaka mingine bila kumfilisi?

Mimi nasema ndiyo, inunue. Ila ndiyo yangu ina sharti, na sharti hilo limejificha ndani ya injini, mahali ambapo dalali hatakupeleka. Dalali atakupeleka kwenye mita ya kilomita, viti na rimu mpya. Mwache amalize, halafu wewe anza kazi yako.

Kabla hata ya kufungua boneti, uliza gari lilikuwa linatembea wapi. Ukiambiwa lilikuwa mkononi mwa mzee mmoja huko Japani, shtuka. Toyota waliacha kuuza Hilux kwenye soko la Japani mwaka 2004, wakairudisha 2017 ikiwa umbo jingine kabisa. Vigo za huku kwetu zimetoka Thailand, Afrika Kusini, Uingereza, Australia, au ziliuzwa mpya hapahapa na wakala. Nauliza hivyo kwa sababu ya chesisi. Uingereza wanamwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, na chumvi inakula chuma taratibu kwa chini, huku bodi juu inang'aa. Anayebeba abiria anaweza kuvumilia kutu kidogo. Wewe unayevuta tela, mzigo wote unaning'inia nyuma ya chesisi, kwa hiyo ingia chini na nyundo ndogo, gongagonga kuanzia usawa wa springi za nyuma mpaka mwisho. Sauti iwe kavu, ya chuma kizima. Pakilia kama debe, au nyundo ikiacha shimo, aga uondoke.

Sasa injini. Hii hapa inaitwa 1KD-FTV. Silinda nne, ujazo wa cc 2,982, mfumo wa komoni reli, yaani bomba moja lenye dizeli ya msukumo mkubwa linalolisha nozeli zote, na turbo ambayo mabawa yake yanajifungua na kujibana kulingana na mzigo. Mtu wa tela asihangaike sana na idadi ya farasi. Angalia nguvu ya mzunguko, ile inayovuta mzigo: Nm 343, na inaipata mapema, kwenye mizunguko 1,400 tu kwa dakika, kisha inaishikilia mpaka kwenye 3,000 na ushee. Kwa kulinganisha, ile Land Cruiser ya 1HZ, injini ya 4.2 isiyo na turbo tunayoisifia wote, ina Nm 285. Ndiyo maana Vigo ukiiweka gia ya tatu mlimani na tela nyuma, haihitaji kupiga kelele. Inapanda tu.

Kwa hiyo nguvu ipo. Kinachoziua injini hizi mara nyingi huanzia kwenye washa, yaani pete ndogo, nyembamba, inayokaa chini ya kila nozeli, kile kifaa kinachopulizia dizeli ndani ya silinda. Kazi yake ni kuziba ili moto wa ndani ya silinda usipande juu. Washa ikichoka, gesi inapenya pembeni ya nozeli na kuingia juu ya silinda hedi, kunakozunguka oili. Gesi ile ina moshi mwingi, na moshi ukikutana na oili ya moto unageuka uchafu mweusi mgumu, kama masizi yaliyogandia chini ya sufuria la kuni. Uchafu huo unashuka na oili mpaka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini.

Kamera isogee hapa. Hili nililoshika ni chujio jipya linalokaa ndani ya sampo, mdomoni mwa bomba la pampu ya oili. Ona nyavu yake ilivyo laini, naiweka mbele ya taa na mwanga unapita wote. Oili yote ya injini inanyonywa kupitia hapa. Masizi yale yakishuka, yanakaa juu ya nyavu hii tundu kwa tundu. Injini inaendelea kutembea vizuri, haina dalili, unabadilisha oili kila mara kama mtu mwaminifu, kumbe pampu inazidi kukosa cha kunyonya. Siku unapanda mlima na mzigo, turbo inakosa oili, beringi za krenki zinakosa oili. Hapo hakuna cha kubadilisha kidogo, ni kufungua injini nzima.

Nataka mlielewe hili vizuri kwa sababu linabadilisha namna ya kununua. Vigo yenye kilomita 300,000 iliyobadilishwa washa za nozeli na kusafishwa sampo ni salama kuliko yenye kilomita 140,000 ambayo haijawahi kuguswa. Na kilomita zenyewe, wote tunajua mita zinarudishwa.

Utajuaje? Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika injini kwa kiganja, iwe ya baridi. Kama ina joto, ameshaiandaa. Washa injini, uangalie taa ya oili kwenye dashibodi. Inatakiwa izime papo hapo. Ikikawia sekunde kadhaa, na injini ikagonga gonga mwanzoni kisha ikatulia, hilo chujio limeanza kuziba. Halafu iache ingurume, fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke kidogo usikutishe. Moshi unaotoka kwa mapigo, puu, puu, puu, ni gesi inayopita mahali pasipotakiwa, iwe kwenye washa au kwenye pistoni. Na pistoni za 1KD hupasuka, hasa nozeli zikiwa zimechoka na kumwaga dizeli kupita kiasi. Ingiza kidole ndani ya tundu la oili, pangusa upande wa chini. Weusi laini wa oili ya dizeli ni kawaida. Ukikuta chenga ngumu, kama makaa yaliyosagwa, umeshapata jibu.

Kisha tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Injini ikishapata moto, ikiwa inanguruma bila kukanyagwa, asome marekebisho ya kila nozeli, yaani kompyuta inaiongezea au kuipunguzia dizeli kiasi gani. Namba zikae ndani ya 3 juu au 3 chini ya sifuri. Nozeli inayokaribia mpaka huo inaelekea mwisho, na nozeli nne za komoni reli ni pesa nyingi. Msiache kuilipia kazi hiyo ya mashine kwa kuona ni gharama ya bure. Ni hiyo itakayokupa nguvu ya kushusha bei.

Mkanda wa taiming. Hii injini haina cheni, ina mkanda, na kuna taa ya T-BELT inayowaka kilomita zikifika, 100,000 au 150,000 kulingana na soko gari lilikotoka. Taa hiyo inazimika kwa kubonyeza tu kitufe bila kugusa mkanda. Mkanda ukikatika, valvu na pistoni zinagongana. Ukinunua, badilisha siku hiyohiyo, hata kama muuzaji anaapa.

Haya, mafuta. Kiwandani wanaandika karibu lita 8.3 kwa kilomita 100, yaani kilomita 12 kwa lita moja. Hiyo ni maabara. Huku kwetu, gari tupu, barabara kuu, mwendo wa 90, weka hesabu ya kilomita 10 kwa lita. Foleni za mjini, 8. Ukifunga tela la tani moja na nusu, weka 7, na kama ni tela la kuta ndefu kama la mifugo, weka 6. Kwa kazi hiyo mimi naona ni ulaji wa haki kabisa.

Tuipige kwa safari. Dar mpaka Iringa ni kama kilomita 500. Bila tela unatumia lita 50. Na tela, lita 71, wakati tangi la Vigo nyingi ni lita 76. Maana yake ukitoka Dar umejaza, usipitilize Mikumi bila kuongeza, kwa sababu Kitonga bado iko mbele yako na mlima ule haufuati wastani wa mtu yeyote. Na jaza kituoni. Dizeli ya kwenye madumu pembeni ya barabara ina maji na vumbi, na nozeli hizi hazisamehe.

Kinachokula dizeli zaidi ukiwa na tela ni mwendo. Upepo unaolikaba gari kwenye 100 ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa kwenye 80. Kwa hiyo anayevuta kwa 80 na anayevuta kwa 100, gari moja, tela moja, watafika na mafuta tofauti kabisa. Pia acha gia ya tano wakati unavuta. Kaa ya nne, mizunguko 2,000 mpaka 2,500, hapo injini iko kwenye nguvu yake na oili inazunguka vizuri. Kuibana gia kubwa mizunguko ikiwa chini, ukidhani unaokoa mafuta, unaongeza joto na masizi.

Mkifika milimani tazameni mshale wa joto. Kwenye Toyota unakaa katikati tu hata joto likipanda na kushuka, na ukianza kusogea juu, joto limeshakwenda mbali. Mwenye tela la kudumu afunge mita ya pembeni ya joto. Na rejeta isafishwe kabla ya safari ya kwanza.

Uzito sasa. Vigo nyingi za 4x4 za 3.0 zimeruhusiwa kati ya kilo 2,250 na 2,500, hiyo ni kwa tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki ni kilo 750, basi. Tangi la maji la lita 1,000 peke yake ni tani moja kabla hujahesabu chuma cha tela, na nimeona matela ya namna hiyo yakishuka mlima bila breki hata moja. Vigo haitalizuia tela la namna hiyo. Tafadhali sana. Kama mzigo wako ni tani tatu, hii si gari yako, tafuta D-Max 3.0 ya umbo la 2012, ambayo pia ina cheni, Kenya ziliunganishwa hapo Nairobi na vipuri viko vingi. Na mkiletewa Vigo ya 2.5 ile ya farasi 102, ni gari zuri la shamba lakini tela zito itateseka nalo.

Ukishanunua, wiki ya kwanza fundi ashushe sampo, asafishe chujio, abadilishe washa zote nne, na asirudishie za zamani hata kama zinaonekana nzima. Washa ikishatolewa haifungi tena kama mwanzo. Chujio la dizeli jipya, mkanda mpya, oili mpya. Hesabu gharama hizo zote kabla ya kukubaliana bei, uziandike kwenye karatasi, uziweke mezani mbele ya muuzaji. Mkiwa na Vigo mnayotaka kuinunua, nitumieni hapo chini namba za nozeli na video fupi ya tundu la oili injini ikinguruma, nitaziangalia moja moja.