Uzoefu wangu na phyphox: simu iliyotulia mezani inasoma 9.8, ikianguka inasoma sifuri

Laza simu mezani, fungua phyphox, programu ya simu ya majaribio ya fizikia, chagua kipimo cha mchapuko kinachojumuisha mvutano wa dunia, kisha bonyeza kitufe cha kuanza. Simu haijasogea hata kidogo, lakini mhimili wa z, ule unaosimama wima juu ya kioo, unaonyesha karibu 9.8 m/s². Sasa iachie ianguke juu ya mto: grafu ileile inashuka hadi sifuri, wakati huohuo simu ikizidi kushika kasi. Aliyekariri kwamba kitu kinachoanguka kina mchapuko wa 9.8 ataapa kwamba programu imegeuza mambo kichwa chini miguu juu. Programu iko sawa, na kwa kitendawili hiki kimoja tu naipa alama za juu kuliko programu yoyote ya fizikia niliyowahi kutumia.

phyphox ilitoka mwaka 2016 katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Ni ya bure, haina matangazo, inakubali Android na iPhone, na inasoma vihisi ambavyo tayari vimo ndani ya simu yako: cha mchapuko, giroskopu (kihisi cha mzunguko), sumaku, mwanga, maikrofoni, na kwenye baadhi ya simu kipima kanieneo ya hewa. Kihisi cha mchapuko ni kipande cha silikoni kilichoning'inizwa kwa springi nyembamba kuliko unywele, katikati ya vibamba vidogo. Kipande kikisogea, uwezo wa vibamba kuhifadhi chaji unabadilika, na chipu inageuza badiliko hilo kuwa namba. Hapo ndipo penye jibu la kitendawili. Mezani, meza inaisukuma simu juu, springi zinapinda, namba inatokea. Katika kuanguka, kipande na simu vinaanguka pamoja, hakuna kinachomsukuma mwenzake, springi zinabaki zimenyooka. Kihisi hakiujui mvutano wenyewe, kinajua msukumo wa meza tu. Einstein aliliwaza jambo hili mwaka 1907, akiwa mfanyakazi wa ofisi ya hataza mjini Bern: anayeanguka hausikii uzito wake.

Kuliona kwa macho kunataka maandalizi. Weka godoro, juu yake blanketi lililokunjwa mara nne. Mto peke yake hauaminiki, kwa sababu simu inaruka kando na kutua sakafuni. Pima meta 1.25 kutoka uso wa blanketi hadi ukingo wa chini wa simu. Ndani ya programu washa uanzishaji wa kuchelewa: sekunde 5 za kusubiri, sekunde 5 za kurekodi. Iachie ndani ya sekunde hizo za kurekodi, kisha kuza grafu kwa vidole viwili mpaka uone bonde lenye sakafu tambarare. Upana wa bonde hilo ndio muda wa kuanguka, nao kwa kimo hicho ni takriban sekunde 0.505.

Sasa angalia usahihi, maana wengi wanateleza hapa. Kihisi kikitoa vipimo 100 kwa sekunde, bonde zima lina nukta 50 hivi. Hesabu ya g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, ni kimo mara mbili kugawanya kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe. Ukisoma sekunde 0.50, inakupa 10.0, ukisoma 0.51, inakupa 9.6. Nukta moja tu imekupotosha kwa asilimia 4. Ukipunguza kimo hadi nusu meta, kosa la nukta moja linazidi, kwa hiyo kuanguka kwa kimo kifupi kunalinda simu lakini kunaharibu jibu. Rudia mara kumi, chukua wastani. Bado hiyo ni hatua kubwa ukilinganisha na kile kifaa cha maabara kinachogonga nukta 50 kwa sekunde kwenye utepe wa karatasi, utepe ambao wenyewe unasugua na kupunguza kasi ya kitu unachopima.

Sakafu ya bonde haitakuwa sifuri kamili, na sababu tatu zinaweza kutenganishwa. Ya kwanza ni kosa la kihisi chenyewe. Laza simu kioo kikiwa juu, andika namba ya z. Igeuze kioo kikiwa chini, andika tena. Ukipata 9.93 na −9.69, kosa ni nusu ya tofauti ya ukubwa wake, yaani 0.12, na thamani halisi ni 9.81. Fanya hivyo kwa mihimili yote mitatu, maana kila mmoja una kosa lake.

Ya pili ni mzunguko. Mkono ukiachia upande mmoja mapema kidogo, simu inapinduka hewani. Ikizunguka mara moja kwa sekunde, na kihisi kikiwa sentimeta 5 kutoka kitovu chake, kinasoma karibu 2 m/s² ambazo hazihusiani na kuanguka. Dawa yake: itie simu kwenye mfuko mwembamba wa kitambaa unaoibana, uning'inize kwa uzi mmoja, subiri utulie, ukate uzi kwa mkasi.

Ya tatu ni hewa. Simu ya gramu 200 inayoanguka kifudifudi hufika chini kwa karibu meta 5 kwa sekunde, na upinzani wa hewa pale mwishoni unakaribia 1 m/s². Utaiona sakafu ya bonde ikipanda taratibu kama mteremko. Ukiining'iniza wima, ukingo mwembamba ukitangulia, mteremko huo karibu unatoweka. Mimi nauona mteremko ule kuwa somo bora kuliko sifuri yenyewe.

Kilele cha kutua usikitumie kwa hesabu yoyote. Vihisi vingi vinaishia kwenye mara 4 au mara 8 ya g, hivyo kilele kikikatwa bapa kwenye 39 au 78, huo ni ukomo wa kihisi. Nguvu ya kugonga ilikuwa kubwa zaidi.

Kuna kipimo cha pili, cha mchapuko bila mvutano, na kinawachanganya watu kweli. Humo simu iliyotulia inasoma sifuri, na inayoanguka inaelekea 9.8, kama kitabu kinavyosema. Usidhani hicho ndicho kipimo halisi. Simu inakadiria upande wa chini uko wapi kwa kuchanganya giroskopu na kihisi cha mchapuko, halafu inatoa 9.8 upande huo. Ni hesabu juu ya makadirio, na simu ikipinduka ghafla makadirio yanachelewa kuifuata. Simu isiyo na giroskopu ama haina kipimo hicho kabisa, ama inatoa takwimu zinazoyumba. Kwa jaribio la kuanguka, tumia kile cha kwanza.

Mwenye simu mbili asiache saa ya sauti. Ziweke umbali wa meta 5. Mtu wa kwanza apige kofi karibu na simu yake, saa zote mbili zianze. Wa pili apige karibu na yake, zisimame. Tofauti ya saa mbili ni mara mbili ya muda wa sauti kuvuka umbali ule, karibu sekunde 0.029. Gawanya meta 10 kwa namba hiyo upate mwendo wa sauti. Kizingiti cha sauti kikiwa chini mno, mlango ukigongwa tu saa inasimama. Chumba kikiwa na mwangwi, ongeza muda wa chini kabla ya saa kukubali kusimama.

Swali linalokuja baada ya siku mbili za kucheza na programu hii ni hili: kama simu inajua mchapuko wake wote, kwa nini isipige hesabu ya mahali ilipo? Toa data kwa CSV, faili la jedwali la namba, ujaribu. Kosa dogo la 0.05 m/s², ambalo kwenye grafu hulioni, likijumlishwa mara mbili kwa dakika moja linakuwa meta 90. Simu imelala mezani, hesabu inasema imeshavuka karibu urefu wote wa uwanja wa mpira.

Kwa hiyo simu inategemea GPS, inayopima umbali kwa muda ambao mawimbi ya redio yanatumia kutoka kwenye satelaiti, na huko wazo lile la 1907 linarudi kwa sura nyingine. Saa za satelaiti, zikiwa mbali na dunia ambako mvutano ni dhaifu zaidi, zinakwenda mbele kwa maikrosekunde 45 kwa siku. Mwendo wake unazirudisha nyuma kwa 7. Zinabaki 38. Zidisha na kasi ya mwanga upate zaidi ya kilometa 11 za kosa kila siku. Mwaka 1977 satelaiti ya majaribio NTS-2 ilirushwa, na saa yake ikaachwa bila kurekebishwa kwa siku 20 hivi. Tofauti iliyoonekana ilikaribia utabiri kwa chini ya asilimia 1. Tangu hapo saa hizo zinapunguzwa mwendo kabla ya kurushwa.

phyphox ina kipimo cha mahali pia. Itoe simu nje penye anga wazi, iweke chini, irekodi kwa dakika 20, kisha chora latitudo dhidi ya longitudo. Utaona nukta zikitangatanga meta chache kuzunguka sehemu moja, na kila nukta imepatikana kwa saa ambazo zimeshalipa zile maikrosekunde 38.