Bingwa wa dunia, lakini ukigonga hakuachii: uzoefu wangu

Nimekaa na jambo hili kwa muda nikisubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, kwa hiyo naandika hivyo hivyo. Jina la kocha silitaji, wala la chuo chake. Medali zake ni za kweli, za ngazi ya juu kabisa ya jiu-jitsu ya Kibrazili, na anayetaka kuzihesabu ataziona ukutani akiingia tu mlangoni. Mimi nina neno na kitu kidogo kilichochukua muda mfupi kuliko muda wa kufunga mkanda: mkono wangu wa kulia ulikuwa katikati ya miguu yake, nikagonga, yaani nikampigapiga kwa kiganja kuonyesha nimesalimu amri, naye hakuniachia.

Somo la jioni hiyo lilikuwa kufuli la mkono kutoka juu ya kifua, mbinu ya kuunyoosha mkono wa mwenzako mpaka kiwiko kifike kikomo. Alihitaji mtu wa kuonyeshea. Nimekuwa mwanafunzi wake muda wa kutosha kabisa kujulikana jina, lakini aliniashiria kwa kidole: "Wewe, mkanda wa buluu, njoo." Nikaenda, tena kwa furaha. Bingwa akikufanyia mbinu mwilini mwako unahisi vitu ambavyo aliyekaa pembeni havioni hata akikodoa macho: uzito unahama lini, kisigino kinabana wapi, mkono wako umeshapotea kabla hata hujajua kuwa unatafutwa. Nililala chali, akanikalia, akageuka, mguu mmoja ukapita juu ya uso wangu na mwingine ukalala kifuani. Safi kabisa. Sikuhisi hata pengo la kuingiza pumzi.

Kisha akaanza kuongea na darasa. "Kidole gumba cha mwenzako kitazame juu. Magoti kwanza, bana magoti. Wengi wenu mnakosea hapa, mnainua kiuno mapema." Na huku anasema hivyo, kiuno chake kilikuwa kinapanda. Nikagonga kwa mkono wa kushoto juu ya muundi wake. Akaendelea kuongea. Nikagonga tena, haraka haraka, na nikasema kwa sauti: "Nimegonga, kocha!" Darasa zima lilisikia. Yeye alikuwa anawatazama waliokaa nyuma. Akawauliza, "Mmeona?" Wakajibu wameona. Basi akainua kiuno kidogo tena ili waone vizuri zaidi, na kiwiko changu kikalia, mlio mdogo mkavu kama wa kualika kidole. Hapo ndipo akaachia.

Nilikaa nimeushika mkono. Nikamwambia, "Kocha, niligonga." Nilitegemea aseme hakusikia. Makelele yapo, mtu anafundisha, akili iko kwa wanafunzi, ningeelewa. Alinijibu: "Nilikusikia. Nilikuwa sijamaliza."

Nilikuwa sijamaliza! Sijawahi kusikia kauli kama hiyo kwenye mkeka, na nimepita mikeka kadhaa. Halafu akaligeukia darasa na kuongeza kwamba Hélio Gracie hakugonga mwaka 1951, watu wakacheka, na somo likaendelea.

Hapo kwa Hélio, mmoja wa waasisi wa jiu-jitsu ya Kibrazili, nataka niseme kidogo, maana kocha amewafundisha watu hadithi hiyo kichwa chini miguu juu. Mwaka huo, pale uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Hélio alipambana na mwanajudo wa Kijapani Masahiko Kimura, mtu mzito na mwenye nguvu kumzidi kwa mbali. Kimura akaupata mkono wake, akaukunja nyuma mpaka ukavunjika, na ni kweli Hélio alikataa kugonga. Lakini alikataa yeye mwenyewe, kwa hiari yake, mbele ya umati, kwenye pambano alilolitaka. Na pambano halikuishia hapo likielea: Carlos, kaka yake aliyekuwa upande wake, alisimamisha kwa kurusha taulo, na Kimura akaachia. Kwa hiyo hata kwenye mfano huo wanaousimulia kila siku kama kipimo cha uanaume, mtu aliyekuwa anavunja mkono alisimama alipopewa ishara. Mimi ishara nilitoa. Niliitoa kwa mkono na kwa mdomo. Sasa mfano huo unamtetea nani?

Na tusiende mbali mpaka 1951. Kwenye mashindano ya leo ya IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Kibrazili, hayo hayo yaliyompa kocha medali, ukipiga yowe la maumivu ukiwa ndani ya kufuli inahesabika umesalimu amri, hata kama mkono wako haujagusa kitu. Mwamuzi ana mamlaka ya kusimamisha pambano akiona kiungo kinakwenda kuharibika, hata kabla hujagonga. Hiyo ni fainali, mbele ya majaji, na mpinzani ambaye amekuja kukushinda. Darasani, ambako nimelipa ada nije nijifunze, ninalindwa kidogo kuliko kwenye fainali?

Kugonga ndiyo kitu kinachoufanya mchezo huu uweze kufanyika kila siku. Ngumi huwezi kumpiga mwenzako kwa nguvu zako zote kila jioni, mtaishia hospitali wote. Jiu-jitsu unaweza kwenda mpaka mwisho kabisa wa mbinu, na mtu anayekupinga kwa nguvu zake zote, kwa sababu mlango wa kutokea uko wazi na kila mtu anauheshimu. Kiwiko hakina msuli wa kukiokoa kikishanyooka kupita kikomo chake; kuna mishipa migumu inayoshikanisha mifupa, nayo ikivutika hairudi upesi. Mkanda mweupe wa siku ya kwanza anaambiwa hayo kabla hajafundishwa hata kuanguka. Bingwa wa dunia anajua zaidi yetu sote. Ndiyo maana siwezi kukubali neno "bahati mbaya" ambalo baadhi ya wenzangu wamenitumia kwa nia njema.

Sasa nitasema jambo ambalo linaniudhi hata kuliandika: yule bwana ni mwalimu hodari sana. Tangu nianze mchezo huu sikuwahi kupita gadi (ulinzi wa miguu wa aliye chini) ya mtu anayejua kutumia miguu. Waalimu wengine waliniambia nisukume, nikasukuma. Nikaambiwa nikimbilie pembeni, nikakimbilia. Yeye alikuja siku moja, akanitazama kimya, akapiga goti kando yangu na kusema, "Unaifuata miguu yake. Iache. Tazama nyonga." Akanishika kiuno akakishusha, akanigeuza vidole vya miguu vichimbe mkeka badala ya kulala, akasogeza bega langu mpaka likakaa chini ya kidevu cha mwenzangu. Magoti yangu yakainuka kutoka chini na uzito wote ukahamia kifuani kwa yule niliyekuwa naye, ambaye ghafla alianza kuguna. Nikapita. Tangu hapo napita, na watu ambao zamani walinizungusha watakavyo sasa wananiuliza ninafanyaje. Hilo nilifundishwa na yeye, halifutiki, na nikisema hafai nitakuwa nadanganya.

Ndiyo maana mwanzoni nilitaka kumpa nyota tatu. Na usiku ule ule, niseme haki, barafu alileta mwenyewe. Hakumtuma mtu. Alichuchumaa akaifunga kwenye taulo yake, akanizungushia kiwikoni kwa utaratibu kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote, na bila shaka amefanya. Ningemsamehe hapo hapo. Lakini huku anafunga akasema, "Wiki ijayo utakuwa umesahau." Wala pole hakusema. Wiki ijayo nilikuwa siwezi kuvaa shati bila kusaidiwa.

Nimefikiria sana kwa nini mtu mwenye mikono ya aina hiyo anashindwa kitu chepesi namna hii. Bingwa ametumia miaka akijifunza kutoacha. Mpinzani wake anatoka kwenye kufuli kwa sababu ya sentimita moja iliyolegea, na yeye amepoteza fainali kwa sentimita hiyo, akaapa hataiachia tena. Halafu anastaafu, anafungua darasa, na kazi mpya inamtaka aiachie hiyo hiyo sentimita mara mia kwa jioni moja, kwa hiari, kwa watu ambao hawamtishi. Wapo wanaoweza. Marcelo Garcia alishinda ADCC, mashindano makubwa ya kusalimishana bila kimono, mara 4 na ubingwa wa dunia mara 5, na alipokuwa na chuo chake New York alikuwa anarekodi mazoezi yake mwenyewe na wanafunzi wake na kuyaweka mtandaoni kwa wanaotaka kujifunza. Tazameni namna anavyopokea kugonga: anaachia, anatabasamu, wanaanza upya. Mwanafunzi wake Matheus Diniz akatwaa ADCC 2019. Hakuna aliyevunjwa mkono ili Diniz apatikane.

Roger Gracie naye, ambaye mwaka 2009 aliwasalimisha wapinzani wake wote kwenye ubingwa wa dunia, silaha yake kubwa ni kaba ya kola kutoka juu ya kifua, yaani kumnyonga mtu kwa kola ya kimono chake, mbinu ambayo mkanda mweupe anafundishwa wiki za mwanzo. Kila mtu anajua inakuja na bado inafika. Mtu wa namna hiyo ana nini cha kuthibitisha darasani? Upande wa pili yuko John Danaher, ambaye hana taji lolote la dunia la kwake mwenyewe, na ndiye aliyewafundisha Gordon Ryan na Garry Tonon, washindani wanaojulikana dunia nzima ya mchezo huu. Nayataja haya kwa sababu nilipolalamika, jibu nililopewa na karibu kila mtu lilikuwa: "Lakini yule ni bingwa." Ndiyo, ni bingwa. Nilikuja kwa kocha.

Niliandika ujumbe kwa uongozi wa chuo, kwa adabu, bila tusi hata moja. Nikaeleza kilichotokea, nikaomba mambo mawili: kocha aliambie darasa kwamba mtu akigonga anaachiwa papo hapo, na mimi nirudishiwe ada ya muda ambao sitaweza kufanya mazoezi. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa. Walinipa pole, wakaniambia kocha ana "mtindo wa kishindani" unaotokana na historia yake, na ada hairudishwi. Kuhusu kuliambia darasa, kimya. Sehemu iliyoniuma zaidi ya ada hawakuigusa kabisa.

Hata hapo nilikuwa bado nayumba. Nilirudi kukaa pembeni tu, mkono umefungwa, kwa sababu naupenda mchezo huu na nilitaka kuona kama ilikuwa siku moja mbaya. Kila mtu ana siku mbaya. Nilipoingia akaniuliza, "Mkono vipi?" na kabla sijafungua mdomo akageuka kupiga picha na mgeni.

Somo la siku hiyo lilikuwa kunyonga kutoka mgongoni. Akamwita kijana wa mkanda mweupe, mgeni kabisa, kimono bado ina mikunjo ya dukani. Akamzungushia mkono shingoni, akaanza kueleza. Kijana akagonga. Kocha akaeleza. Kijana akagonga tena, macho yakitutafuta sisi tuliokuwa tumekaa. Nikaanza kuinuka, na kabla sijasimama ikatoka sauti nyuma yangu: "Kocha, amegonga." Ni dada wa mkanda wa zambarau, ngazi inayofuata buluu, yule anayefundisha asubuhi. Hakupaza sauti, lakini aliisema kama mtu anayetoa amri. Kocha akaachia. Kijana akakohoa. Na kocha, mbele yetu sote, akamwambia dada yule: "Usinikatishe nikiwa nafundisha."

Kwenye kunyonga hakuna hata hiyo nafasi ya kusema mkono utapona. Damu ya kwenda kichwani inazibwa pande zote mbili za shingo na mtu anazimika kwa sekunde chache. Kijana yule angeweza kuzimika mikononi mwa mwalimu wake, amekwisha kugonga, watu wazima zaidi ya ishirini tumekaa tunatazama somo. Sikumwona akirudi, na simlaumu.

Kwa hiyo zile nyota tatu nimeziondoa. Nilikuwa nimebakiza mbili kwa ajili ya gadi, kwa sababu nilichofundishwa nimefundishwa, lakini kila nikikumbuka "nilikuwa sijamaliza" mkono wenyewe unafuta ya pili. Nyota moja. Mtu akiniuliza kama ni kocha bora wa mbinu niliyewahi kukutana naye, nitamjibu ndiyo bila kusita, na nyota itabaki moja.

Kama bado unataka kwenda pale, nenda asubuhi. Dada wa mkanda wa zambarau hana medali ukutani na hakuna anayeomba kupiga naye picha. Ukimgusa tu, hata kwa kidole, ameshaachia, ndipo anakuuliza ulihisi wapi. Waulizeni mlangoni nani anafundisha saa hiyo kabla hamjalipa, na wakisema ni bingwa mwenyewe, waulizeni pia kama ameshaambiwa kwamba mtu akigonga anaachiwa.